Kupima Elektroni kwa Sumaku: Anza na Uga wa Dunia Ulioko Mezani Pako

Elektroni haiwekwi kwenye mizani. Anayetaka kuifahamu huirusha ndani ya uga wa sumaku, huangalia njia yake inavyopinda, na kutokana na mpindo huo hukokotoa uwiano kati ya chaji yake na masi yake. J. J. Thomson alifanya hivyo huko Cambridge mwaka 1897, akabaini kwamba chembe za miale ya kathodi, ambazo ndizo elektroni, zina masi ambayo, kwa kila kizio cha chaji, ni ndogo takribani mara 1,000 kuliko ile ya ioni ya haidrojeni. Mwaka mmoja kabla yake, kule Leiden, Pieter Zeeman alikuwa ameona mistari ya mwanga wa sodiamu ikitanuka mwali wa moto ulipowekwa kati ya ncha za sumaku, na Hendrik Lorentz akautumia utanuzi huo kukadiria uwiano huohuo kwa chembe zilizomo ndani ya atomu. Tangu mwanzo, basi, elimu ya usumaku na elimu ya chembe zimekuwa chanda na pete, na mtu asiyeujua vizuri uga wake wa sumaku hawezi kudai kwamba anaijua chembe yake.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kidato cha sita, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, na fundi sanifu wa maabara anayetayarisha jaribio la kupima uwiano wa chaji na masi ya elektroni, ambao hapa tutauandika e/m. Una hatua mbili. Ya kwanza inahitaji waya, dira na betri za tochi tu, na inaweza kufanyika katika shule yoyote. Ya pili inahitaji tyubu ya kioo yenye mwali wa elektroni pamoja na jozi ya koili, kifaa ambacho kwa kawaida kimo katika maabara za vyuo. Nimeziweka kwa mpangilio huo makusudi, kwa sababu nimeona ripoti nyingi za jaribio la pili zikitoa jibu lenye kosa la asilimia 5 au 6, na mwanafunzi akalitupia lawama kosa la kusoma rula, ilhali sehemu kubwa ya kosa ilitokana na uga wa dunia ambao hakuna aliyeupima.

Sababu yake imo ndani ya hesabu yenyewe. Elektroni iliyosukumwa na volti V hupata nishati eV, ambayo ni sawa na nusu ya mv². Ikiingia katika uga B kwa kuukata kwa pembe mraba, nguvu ya sumaku evB huilazimisha kuzunguka duara, kwa hiyo evB ni sawa na mv²/r, ambapo r ni nusu kipenyo cha duara. Ukiondoa kasi v katika milinganyo hiyo miwili unabaki na

e/m = 2V / (B²r²).

Tazama kwamba B imepigwa kipeo cha pili. Uga wa koili za maabara katika jaribio hili huwa karibu na militesla 1, yaani mikrotesla 1,000 (tesla ni kizio cha uga wa sumaku), na sehemu mlalo ya uga wa dunia katika maeneo yetu ya Afrika Mashariki ni kama mikrotesla 28. Hiyo ni takribani asilimia 3 ya uga wote, na kwa sababu ya kile kipeo cha pili, asilimia 3 katika B inakuwa asilimia 6 katika e/m. Kosa la namna hii halipungui hata ukirudia kipimo mara mia, maana kila mara linavuta upande uleule.

Hatua ya kwanza: koili moja na dira

Tafuta pete ya plaiwudi yenye kipenyo cha sentimita 20. Fundi seremala ataikata kwa dakika chache, lakini mwambie mapema kwamba pete na kitako chake viunganishwe kwa gundi ya mbao au skrubu za shaba, na wala asitumie msumari. Waya wa shaba wenye vanishi unapatikana kwa mafundi wa kusuka mota. Mita 9 zinatosha, na unene wa kati ya nusu milimita na milimita 1 unafaa. Zungusha mizunguko 10 kwenye ukingo wa pete, ikikaribiana na kubanwa vizuri, kisha acha mikia miwili yenye urefu wa mita moja na zaidi. Isokote mikia hiyo miwili pamoja kama kamba, ili mkondo unaokwenda na ule unaorudi ufutiane uga wao. Usipoisokota, mikia yenyewe itakuwa koili nyingine usiyoihesabu. Kwaruza vanishi kwenye ncha kwa msasa mpaka shaba ing'ae, la sivyo mkondo hautapita na utapoteza nusu saa ukitafuta ubovu kwenye betri.

Vifaa vingine ni dira ndogo yenye mgawanyo wa digrii, betri 2 kubwa za tochi za volti 1.5 kila moja, swichi, multimita, na riostati au rezista chache zenye jumla ya omu 6 mpaka 15. Koili yenyewe ina ukinzani usiofika omu 1, kwa hiyo ukiiunga na betri moja kwa moja utapata mkondo mkubwa, waya utapata moto na betri zitachoka. Multimita iunge kwenye tundu la ampea 10, kwa kuwa tundu la miliampea katika multimita nyingi za bei nafuu lina fyuzi ndogo ambayo mkondo wa nusu ampea huikata mara moja. Betri na multimita vikae angalau mita moja kutoka kwenye dira. Wengi hawafahamu kwamba ganda la betri ya tochi ni la chuma. Ukitaka kuhakikisha, sogeza betri taratibu karibu na dira na utauona mshale ukigeuka.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Katika maabara moja niliyofundisha, makundi manne ya wanafunzi yalipata majibu manne yaliyopishana kwa karibu theluthi moja, na kila kundi lilikuwa limefanya kazi kwa uangalifu. Tulipochunguza tukakuta kwamba meza zilikuwa za mbao juu, lakini chini zilikuwa na fremu ya chuma, na kundi lililopata jibu baya kuliko yote lilikuwa limekaa kando ya kabati la chuma la kemikali. Tuliibeba koili tukaiweka juu ya stuli ya mbao katikati ya uwanja, mbali na ukuta wenye nondo, na makundi yote manne yakapata majibu yaliyokaribiana. Simu nyingi za kisasa zina kipima uga ndani yake na zipo programu za bure zinazoonyesha mikrotesla. Itembeze simu polepole juu ya eneo unalotaka kutumia, na pale namba inapobaki karibu ileile kwa umbali wa mita moja au mbili ndipo pa kuweka meza. Usiiamini simu kwa thamani yenyewe, kwa kuwa spika yake na chuma kilichomo ndani huiongezea au kuipunguzia namba, bali itumie kutafuta mahali patulivu, kisha ipeleke mbali kabla hujagusa dira.

Dira nayo ina tabia yake katika nchi zetu. Uga wa dunia haulali sambamba na ardhi isipokuwa kwenye ikweta ya sumaku, ambayo katika upande huu wa Afrika inapita kaskazini ya ikweta tunayoizoea. Nairobi iko kusini ya mstari huo na uga umeinama zaidi ya nyuzi 20. Dar es Salaam umeinama zaidi ya nyuzi 30, na ncha inayovutwa chini ni ile ya kusini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya matumizi ya Ulaya, ambako ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, inaweza kufika kwetu ikiwa imelalia upande mmoja na ncha yake ikisugua kioo. Kabla ya kununua, iweke dira juu ya kiganja kilichotulia, igeuze taratibu, na uangalie kama mshale unaelea huru. Hata dira nzuri igonge kidogo kwa kucha kabla ya kila usomaji ili msuguano wa kwenye mhimili usiishike njiani.

Sasa isimamishe pete wima na uiweke dira katikati yake kabisa, juu ya kijukwaa cha mbao au maboksi ya karatasi. Mkondo ukiwa umezimwa, zungusha pete mpaka bapa lake liwe sambamba na mshale wa dira, yaani pete yenyewe itazame mashariki na magharibi huku ukingo wake ukielekea kaskazini na kusini ya sumaku. Ukiwasha mkondo, koili inatoa uga ulioelekea mashariki au magharibi, uga mlalo wa dunia unaendelea kuvuta kaskazini, na mshale unasimama kati ya hizo mbili. Tanjenti ya pembe ambayo mshale umegeuka ni uga wa koili kugawanya kwa uga mlalo wa dunia. Uga wa koili katikati yake ni μ₀NI/2R, ambapo μ₀ ni namba thabiti ya usumaku (4π × 10⁻⁷), N ni idadi ya mizunguko, I ni mkondo na R ni nusu kipenyo cha koili, na kwa mizunguko 10 na nusu kipenyo cha sentimita 10 unapata mikrotesla 62.8 kwa kila ampea.

Kwa kila mkondo chukua usomaji minne. Soma ncha zote mbili za mshale, kisha geuza waya za betri ili mkondo uende upande wa pili, usome tena ncha zote mbili, na utafute wastani. Kusoma ncha mbili kunaondoa kosa la mhimili usiokaa katikati ya duara la digrii, na kugeuza mkondo kunaondoa kosa la pete isiyolingana sawasawa na mshale. Fanya hivyo kwa mkondo wa ampea 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5. Kama uga mlalo mahali pako ni mikrotesla 28, pembe zitakuwa karibu na nyuzi 24, 34, 42 na 48. Sikushauri utumie mikondo midogo sana: kosa la nyuzi 1 pembe ikiwa karibu na 45 ni kosa la asilimia 3.5 katika jibu, lakini kosa hilohilo pembe ikiwa nyuzi 12 au 13 linapita asilimia 8. Pembe zinazokaribia 90 nazo zina udhaifu uleule.

Chora grafu ya tanjenti ya pembe dhidi ya mkondo. Ikiwa mstari umenyooka na unapita kwenye sufuri, kazi yako ni nzuri. Ukiwa umepinda, kuna chuma karibu au dira inasugua. Katika mfano wetu mteremko wa mstari ni 2.24 kwa kila ampea, na 62.8 ikigawanywa kwa 2.24 inatoa mikrotesla 28. Kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi tegemea jibu la kati ya 26 na 31. Ninalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu baadhi ya vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Uingereza hutaja thamani ya karibu na mikrotesla 20, ambayo ni sahihi kwa London, na nimewahi kumkuta mwanafunzi akifuta jibu lake zuri la 29 ili aandike la kitabuni. Uga wote kwa jumla ni dhaifu zaidi huku kwetu kuliko Ulaya, lakini kwa kuwa umelala zaidi, sehemu yake mlalo ni kubwa zaidi.

Hatua ya pili: mwali wa elektroni

Tyubu ya jaribio hili ni tufe la kioo lenye gesi kidogo sana ndani yake, kwa kawaida heliamu, haidrojeni au agoni. Elektroni zinatoka kwenye filamenti iliyopashwa moto, zinasukumwa na volti kati ya 150 na 300, na zinapogonga atomu za gesi zinaacha njia inayong'aa, ambayo katika chumba chenye giza inaonekana kama uzi wa mwanga. Tufe hilo limewekwa kati ya koili mbili zinazofanana, zilizotenganishwa kwa umbali ulio sawa na nusu kipenyo chao. Mpangilio huo unaitwa koili za Helmholtz, na faida yake ni kwamba uga katikati yake unakaribia kuwa sawa kila mahali. Ukubwa wake ni 0.716 mara μ₀NI/R. Kifaa kinachopatikana sana kina mizunguko 130 na nusu kipenyo cha sentimita 15, na kwacho unapata militesla 0.779 kwa kila ampea. Pima na uhesabu ya kifaa chako mwenyewe.

Volti 300 za mkondo mnyoofu zinaweza kuua. Waya zote ziungwe umeme ukiwa umezimwa, zisiwe na sehemu iliyo wazi, na anayerekebisha kitu chochote azime kwanza volti ya kusukuma kisha asubiri kapasita za kifaa zimalize chaji. Filamenti nayo ipewe volti iliyoandikwa kwenye kifaa, mara nyingi 6.3, isizidi hata kidogo, na iachwe ipate moto kwa dakika mbili kabla ya kuwasha volti ya kusukuma. Tyubu hizi ni ghali na filamenti ikiungua hakuna fundi wa kuirudishia.

Zima taa, funga mapazia, na mpe kila mtu dakika chache ili macho yazoee giza. Washa volti ya kusukuma uiweke 200. Utaona uzi mwembamba wa mwanga, rangi yake ikitegemea gesi, ukitoka kwenye bunduki ya elektroni na kwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo. Elektroni hizo zinakwenda karibu kilomita 8,400 kwa sekunde, kiasi cha asilimia 2.8 ya kasi ya mwanga, kwa hiyo hesabu ya kawaida ya mwendo inatosha bila kuhitaji uhusianifu wa Einstein. Sasa ongeza mkondo wa koili taratibu. Uzi unaanza kujikunja, unapanda, unajipinda zaidi, na mwishowe unajifunga kuwa duara kamili linaloelea hewani ndani ya kioo. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na kila mara chumba hunyamaza kwa muda.

Kama duara halifungi na uzi unakwenda kama skrubu, tyubu haijakaa sawasawa. Izungushe kidogo kwenye kishikizo chake mpaka mwanzo na mwisho wa duara vikutane.

Kipimo kigumu ni cha nusu kipenyo, kwa kuwa duara liko ndani ya kioo na rula iko nje. Weka kioo cha kujitazamia chenye mizani nyuma ya tyubu, usogeze kichwa mpaka uzi wa mwanga uifunike taswira yake kiooni, ndipo usome. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili na uchukue nusu ya tofauti. Soma ukingo wa nje wa uzi, usisome katikati yake. Elektroni zilizogonga atomu za gesi zimepoteza nishati na zinazunguka duara dogo zaidi, kwa hiyo upande wa ndani wa uzi ni wa zile zilizochoka, na ukingo wa nje ndio wa elektroni ambazo bado zina nishati karibu yote ya volti 200. Kosa la milimita 1 katika sentimita 5 ni asilimia 2, ambayo inakuwa asilimia 4 katika e/m, na ndiyo maana usomaji huu haufai kufanywa na mtu mmoja tu. Wawili wasome bila kuambizana, kisha walinganishe.

Hapa ndipo uga wa dunia uliopima katika hatua ya kwanza unapofanya kazi. Mhimili wa koili, yaani mstari unaopita katikati ya koili zote mbili, uuelekeze mashariki–magharibi kwa kutumia dira, mkondo ukiwa umezimwa. Katika mwelekeo huo uga wote wa dunia, mlalo na wima, unaukata mhimili kwa pembe mraba, kwa hiyo haujumlishwi moja kwa moja na uga wa koili. Unachobakiza ni kuinamisha uga wa jumla kwa nyuzi 2 hivi na kuongeza kosa linalokaribia asilimia 0.1 katika e/m. Kwa volti 200 na duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 utahitaji mkondo wa karibu ampea 1.22, na ukiweka namba hizo katika mlinganyo utapata thamani iliyo karibu na 1.76 × 10¹¹ kulombu kwa kilogramu. Thamani inayokubalika leo ni 1.7588 × 10¹¹.

Usiishie kwenye jibu moja. Badilisha volti na mkondo ili upate angalau vipimo 8, kisha chora grafu ya V dhidi ya zao la B² na r², na utafute e/m kutokana na mteremko. Grafu itakuonyesha kile ambacho kipimo kimoja hakiwezi kukuonyesha: kama mstari haupiti kwenye sufuri, ama voltimita yako ina kosa, ama kuna uga mwingine usiouhesabu.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika mwongozo huu. Zima volti ya kusukuma, geuza meza nzima ili mhimili uelekee kaskazini–kusini, washa tena, na utafute mkondo unaolirudisha duara kwenye sentimita 5 zilezile. Kisha zima, geuza kifaa nyuzi 180, na urudie. Katika mwelekeo mmoja dunia inaisaidia koili na mkondo unaohitajika ni kama ampea 1.19, katika mwelekeo wa pili dunia inaipinga na unahitaji kama ampea 1.26. Tofauti ya ampea 0.07 inaonekana wazi hata kwenye ammita ya kawaida. Chukua nusu yake, uzidishe kwa militesla 0.779, na utapata mikrotesla 27 au 28: elektroni zimekupimia uga wa dunia, na jibu lao linalingana na la dira na betri za tochi. Yasipolingana, tafuta chuma kwanza kabla ya kushuku kitu kingine, ukianza na fremu ya meza mliyoigeuza.

Katika ripoti andika mwelekeo wa mhimili, mahali pa meza, uga mlalo uliopima, jina la gesi ya tyubu, na ukingo gani wa uzi ulisomwa. Ripoti isiyosema mwelekeo wa mhimili haiwezi kukaguliwa na mtu mwingine, hata kama jibu lake limegonga palepale.

Hesabu hiyohiyo nje ya meza yako

Kwa chembe zenye nishati kubwa kanuni inabaki ileile, ila tunaandika momenta badala ya volti; kwa kasi ndogo momenta ni masi mara kasi, lakini karibu na kasi ya mwanga ni kubwa zaidi ya hapo kwa mujibu wa uhusianifu wa Einstein. Kwa chembe yenye chaji moja, momenta kwa vizio vya GeV/c (nishati ya bilioni moja ya elektronivolti, GeV, kugawanya kwa kasi ya mwanga, c) ni 0.3 mara B kwa tesla mara r kwa mita. Mwaka 1932 huko California, Carl Anderson alipiga picha ya njia ya chembe ndani ya chemba ya mawingu (chombo cha mvuke ambamo chembe huacha njia inayoonekana) iliyowekwa katika uga wa tesla 1.5, ikivuka bamba la risasi la milimita 6. Upande mmoja wa bamba momenta yake ilikuwa MeV/c 63 na upande wa pili 23 (MeV ni sehemu moja ya elfu ya GeV). Fanya hesabu na utaona kwamba nusu kipenyo kilishuka kutoka sentimita 14 hadi 5. Chembe haipati nishati kwa kupenya risasi, kwa hiyo mwelekeo wa safari ukajulikana, na upande wa mpindo ukaonyesha chaji chanya. Hiyo ndiyo positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Kwa hesabu hiyohiyo, sumaku za tesla 8.33 katika mashine kubwa ya CERN, maabara ya chembe iliyoko Ulaya, zimesanifiwa kupindisha protoni za GeV 7,000 kwa nusu kipenyo cha kama mita 2,800.

Dunia nayo ni sumaku inayopindisha chembe, na hapa Afrika Mashariki ina historia yake. Mwaka 1933 Bruno Rossi na mwenzake walipeleka vihesabio vya Geiger, yaani vifaa vya kuhesabu chembe, Asmara nchini Eritrea, mji ulio juu ya mita 2,300 na karibu na ikweta ya sumaku, ambako uga mlalo una uwezo mkubwa wa kuchuja miale inayotoka angani. Walielekeza vihesabio magharibi kisha mashariki, wakakuta miale mingi zaidi ikitoka magharibi. Mwali wa chaji hasi ungefanya kinyume chake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miale ya kosmiki inayofika duniani ina chaji chanya. Hawakuhitaji sumaku ya kujenga, kwa kuwa waliujua uga waliosimama ndani yake.

Upande wa nadharia, mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 ulitabiri kwamba namba inayounganisha usumaku wa elektroni na mzunguko wake wa asili, inayoitwa g, ni 2 kamili. Vipimo vya mwaka 1947 vilionyesha ziada ndogo, na mwaka 1948 Julian Schwinger akaikokotoa: g ikigawanywa kwa 2 haitoi 1 kamili bali 1.00116, yaani ziada ya 0.00116. Myuoni, ndugu mzito wa elektroni, ina ziada kama hiyo, nayo ndiyo iliyopimwa katika pete ya sumaku yenye upana wa kama mita 14 iliyosafirishwa mwaka 2013 kutoka maabara ya Brookhaven hadi maabara ya Fermilab nchini Marekani. Jibu la mwisho, lililotolewa mwaka 2025, lina usahihi wa sehemu 127 katika bilioni. Ili kuufikia, watafiti walitumia kijigari chenye vipima uga 17 vinavyosikiliza mtetemo wa protoni, wakakizungusha mara kwa mara ndani ya pete, katika njia ileile ambayo myuoni hupita, wakiandika ukubwa wa B sehemu kwa sehemu mpaka mzunguko ukamilike.